Dawa za kupandisha presha: jaza kwanza, tafuta chanzo, ndipo uhesabu matone

Mhariri,

Hapa Tabora mtu akipimwa na kuambiwa presha imeshuka, mara nyingi safari yake ya kwanza ni jikoni na ya pili ni duka la dawa muhimu. Jikoni atakorogewa maji yenye chumvi ya Uvinza au atapewa soda. Dukani ataulizia kidonge cha kuipandisha. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze dawa hizo hasa ni zipi, zinafanyaje kazi, na kwa nini karibu zote zimo kwenye ampuli za chumba cha upasuaji na wodini, wala si kwenye rafu ya duka. Mengine tunawaambia wenzetu wa zahanati na vituo vya afya, kwa sababu dawa hizi zinapoua, mara nyingi chanzo ni hesabu ya kuchanganya au mshipa uliochaguliwa vibaya.

Hoja yetu ni hii: dawa ya kupandisha presha haitibu kilichoishusha. Inamshikilia mgonjwa ili ubongo, moyo na figo vipate damu wakati chanzo kinashughulikiwa. Anayeitumia bila kutafuta chanzo anapamba namba kwenye mashine tu.

Tuanze na hizo namba, maana ndizo zinazotisha watu bure. Binti mwenye 90/60 ambaye haoni kizunguzungu, anakojoa vizuri na anafanya kazi zake hana ugonjwa. Hiyo ndiyo presha yake. Wa kuangaliwa ni yule ambaye namba imeshuka kutoka pale alipozoea, au anayeona giza anapoinuka. Huyo apimwe akiwa amelala dakika 5, kisha asimame, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kuna tatizo la kweli, na mara nyingi jibu limo kwenye mfuko wa dawa alioubeba: anameza hidroklorothiazaidi na losatani, vidonge vya kushusha presha, ameharisha siku mbili, na bado anaendelea kumeza. Wengine ni wagonjwa wa kisukari wa miaka mingi ambao neva za mishipa zimechoka, au wazee wanaotumia dawa za tezi dume. Dawa ya kwanza kwa wengi wao ni maji, dawa ya kuchanganya na maji kama anaharisha, na mganga kupitia upya orodha ya vidonge. Chumvi si ya kumpa kila mtu. Mwenye moyo uliotanuka akinyweshwa glasi ya chumvi, usiku atashindwa kupumua.

Wodini tunaangalia zaidi wastani wa presha. Chukua namba ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawanya kwa 3. Mwenye 84/48 ana wastani wa 60. Mwenye 100/50 ana karibu 67. Kwa mtu mzima aliyezidiwa na maambukizi, lengo la kuanzia ni 65. Kupeleka juu zaidi ya hapo kwa dawa hakumsaidii kila mtu, na kila hatua ya ziada ina gharama yake kwenye vidole na utumbo.

Presha hushuka kwa njia tatu kuu. Damu au maji yamepungua mwilini. Moyo unasukuma kwa unyonge. Au mishipa imelegea na kutanuka. Dawa tunazozizungumzia hutibu hasa hiyo ya tatu, na baadhi husaidia ya pili. Ya kwanza haziigusi kabisa. Mama aliyejifungua na kuvuja damu anahitaji oksitosini ya kukaza kizazi, kukandwa kizazi, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu isivuje, gramu 1 ndani ya saa 3, maji ya mshipa, na damu. Kumpa noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, bila kumrudishia damu ni kukamua ng'ombe aliyekauka. Namba inaweza kupanda kidogo na kuwatuliza ndugu waliosimama mlangoni, huku figo na utumbo vikinyimwa hata kile kidogo kilichobaki.

Kuta za ateri ndogo zina misuli, na juu ya chembe za misuli hiyo kuna vipokezi. Dawa ikishika kipokezi cha alfa-1, kalsiamu huongezeka ndani ya chembe, msuli hujikunja na mshipa hubana. Vena nazo hubana, na kwa kuwa sehemu kubwa ya damu ya mwili hukaa kwenye vena, damu hiyo husukumwa kurudi moyoni. Vipokezi vya beta-1 viko kwenye moyo: vikishikwa, moyo hupiga kwa nguvu na kwa kasi. Vya beta-2 hulegeza njia za hewa za mapafu na mishipa ya misuli mikubwa. Mgawo huu wa alfa na beta aliutoa Mmarekani Raymond Ahlquist mwaka 1948, na hadi leo ndio unaotuamulia ampuli ipi ishikwe.

Finilefrini hushika alfa tu. Hubana mishipa, na moyo ukihisi presha imepanda hupunguza mwendo. Noradrenalini hushika alfa kwa nguvu na beta-1 kiasi, kwa hiyo hubana bila kuunyima moyo msukumo. Ndiyo maana imekuwa ya kwanza kwa mgonjwa wa maambukizi makali. Adrenalini hushika zote. Efedrini ni tofauti kidogo: sehemu kubwa ya kazi yake ni kuifukuza itoke ile akiba ya noradrenalini iliyohifadhiwa kwenye ncha za neva. Akiba ikiisha, dozi ya nne haifanyi kazi kama ya kwanza, na anayezidi kuchoma anashangaa bure. Dopamini hubadilika kadiri dozi inavyopanda, kwanza moyo, kisha mishipa. Zamani ilitolewa kwa dozi ndogo "kulinda figo". Imani hiyo ilipimwa na ikaonekana haina msingi. Mwaka 2010 dopamini ililinganishwa na noradrenalini kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 wenye mshtuko, yaani presha imeanguka hadi viungo vinakosa damu: vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika, lakini moyo kwenda mrama ulitokea kwa asilimia 24 ya waliopewa dopamini dhidi ya asilimia 12. Palipo na zote mbili, dopamini ibaki kabatini. Vasopresini hupita kwenye kipokezi kingine kabisa, hivyo huongezwa pale noradrenalini inapoelekea kushindwa.

Sasa nyuki. Mkoa huu ni wa asali, chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa mjini, na kuanzia Sikonge hadi mapori ya Ugalla watu hupanda miti usiku kurina mizinga ya magogo. Kwa mwenye mzio, sindano moja ya nyuki inatosha. Mishipa yote hulegea kwa mpigo na kuanza kuvuja. Ndani ya dakika 10, hadi takribani theluthi ya maji ya damu inaweza kuwa imehamia nje ya mishipa. Mtu huwashwa viganja, hutoka vipele, sauti hukwaruza, hutapika, kisha huanguka. Vipele vinaweza visionekane kabisa, hasa presha ikishuka haraka, kwa hiyo asiyewashwa naye atibiwe kama dalili nyingine zipo.

Dawa ni adrenalini, na inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Isichomwe chini ya ngozi, ambako husafiri polepole, wala kwenye mshipa. Ampuli ya kawaida ina miligramu 1 katika mililita 1. Mtu mzima anapata nusu yake, mililita 0.5. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 mililita 0.3, aliye chini ya hapo mililita 0.15. Kwa kipimo cha uzito ni mililita 0.01 kwa kila kilo, yaani mtoto mdogo wa kilo 10 anapata 0.1. Tumia sirinji ya mililita 1. Ukitumia ya mililita 5, mstari wa 0.15 hauuoni, unakisia. Baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu, rudia. Suruali haina haja ya kuvuliwa kwanza.

Piriton, ile ya kutuliza mwasho, na haidrokotisoni, ya kutuliza uvimbe wa mzio, zije baadaye kama zipo. Hazipandishi presha, hazifungui koo, na haidrokotisoni inachukua saa kadhaa kuanza kazi. Zikitangulizwa, dakika za adrenalini zinapotea. Tunaona ajabu kwamba kuna mahali haidrokotisoni haikosekani na adrenalini ya shilingi chache inakosekana.

Na hapa tunaomba wasomaji wa vijijini watusikilize vizuri. Mgonjwa huyu alazwe chali, miguu iinuliwe. Asisimamishwe, asitembezwe, na kama kuna njia nyingine yoyote asipakiwe katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Mishipa ikiwa imelegea hivyo, mtu akiinuliwa ghafla damu huzama miguuni, moyo hubaki hauna cha kusukuma, na husimama. Tafuteni bajaji, gari, mkokoteni, au machela ya miti miwili na kanga. Anayehema kwa shida aketishwe nusu, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto. Miiba ya nyuki itolewe upesi kwa namna yoyote, kwa kucha au kwa kisu. Muda ndio wenye maana, kwa kuwa kifuko cha sumu huendelea kusukuma. Akipata nafuu asirudi nyumbani saa ileile, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu hali hurudi kwa baadhi yao. Aliyechomwa na nyuki kwa mamia ana hatari ya pili, sumu yenyewe kuharibu misuli na figo, hata kama hana mzio. Huyo apelekwe hospitali hata kama anaongea.

Dozi mbili au tatu za pajani zikishindwa, na maji ya mshipa lita 1 hadi 2 yamekwisha kuingia, ndipo inafungwa dripu ya adrenalini. Kabla hujaongeza, uliza kama anameza propranololo au atenololo, vidonge vya presha na moyo. Vidonge hivyo hukalia vipokezi vya beta, na adrenalini inaweza kugonga mlango usifunguliwe. Kwa huyo glukagoni miligramu 1 hadi 2 kwenye mshipa ndiyo njia ya pembeni, palipo nayo.

Kosa ambalo tungependa lifutike kabisa ni kumpa mtu mwenye mapigo ya moyo ampuli nzima ya adrenalini moja kwa moja kwenye mshipa. Miligramu 1 kwa mshipa ni dozi ya moyo uliosimama, kila dakika 3 hadi 5 wakati kifua kinakandamizwa. Kwa mwenye mapigo, inaweza kuipeleka presha juu kupita kiasi, mapafu yakajaa maji, mshipa wa ubongo ukapasuka.

Mahali pa pili dawa hizi zinapotumika kila siku ni kwenye upasuaji wa kujifungua. Mama akishachomwa ganzi ya mgongoni, kwa kawaida bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 hadi 2.5, neva zinazoishikilia mishipa ya miguu na tumbo nazo hulala. Mishipa hutanuka, na kizazi kizito huikandamiza vena kubwa iliyo upande wa kulia wa uti wa mgongo. Kwa hiyo kabari iwekwe chini ya nyonga ya kulia ili mama aegemee kushoto kama digrii 15, maji yafunguliwe kasi wakati wa sindano ileile, si nusu saa kabla, na presha ipimwe kila dakika hadi mtoto atoke. Mama akisema anasikia kichefuchefu, au akianza kupiga miayo, usisubiri mashine imalize kujaa upepo. Tumbo lake limetangulia kukuambia.

Finilefrini ndiyo tunayoipendelea. Lakini ampuli yake nyingi ni miligramu 10 katika mililita 1, na dozi ya mama ni mikrogramu 50 hadi 100. Hesabu: ndani ya ampuli hiyo moja kuna dozi 100 hadi 200. Ivunje, itie yote kwenye chupa ya mililita 100 ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, tikisa, bandika jina na kiasi. Sasa kila mililita ina mikrogramu 100. Vuta mililita 10 kwenye sirinji, ibandike jina tena, na utoe nusu mililita hadi mililita 1 kila mara. Sirinji isiyo na jina karibu na meza ya usingizi itupwe, hata kama unadhani unaijua.

Moyo wa mama ukishuka chini ya 60 na presha iko chini, usiongeze finilefrini, utaupunguza zaidi. Hapo efedrini inafaa, au atropini miligramu 0.5 hadi 0.6. Efedrini ya miligramu 30 ijazwe maji hadi mililita 10, kila mililita iwe na miligramu 3, na utoe mililita 2 hadi 3. Kuna ampuli za miligramu 50 pia, kwa hiyo soma. Hupita kwenda kwa mtoto na huongeza asidi katika damu yake kuliko finilefrini, ndiyo sababu hatuitangulizi. Zote mbili zikikosekana, jambo ambalo halina uzushi wowote katika vituo vyetu, adrenalini inatosha ikichanganywa vizuri: miligramu 1 kwenye mililita 100, kila mililita mikrogramu 10, utoe nusu hadi mililita 1. Mama akilalamika mikono imelegea na sauti inafifia, ganzi imepanda juu. Shughulikia pumzi kwanza, presha ifuate.

Mgonjwa wa maambukizi makali, ile hali ya homa, mkanganyiko na miguu baridi, ndiye anayeleta ubishi mkubwa. Miongozo ya kimataifa ya 2021 inapendekeza maji mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3, kisha noradrenalini ikiwa wastani bado uko chini ya 65, na inaruhusu kuianzia kwenye mshipa wa mkono badala ya kusubiri mrija wa shingoni. Lakini tusiinakili kwa macho yaliyofumba. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye maambukizi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Waliojazwa maji mengi upesi, na kupewa dopamini pale presha ilipobaki chini, walikufa asilimia 48. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, asilimia 33. Kabla ya hapo, 2011, utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania, Muheza, ulionyesha kuwa waliosukumiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.5 dhidi ya 7.3. Watoto wa kuharisha hawakuwamo, na hao bado wanahitaji maji yao.

Tunavyoelewa sisi, maji yapewe kwa mafungu madogo, mililita 250 hadi 500 kwa mtu mzima, na baada ya kila fungu msikilize mapafu, hesabu pumzi, bonyeza kidole na uangalie rangi inarudi ndani ya sekunde 3. Pumzi zikiongezeka au mapafu yakianza kulia kama majani makavu, funga maji. Antibiotiki iwe imeingia tangu saa ya kwanza; bila hiyo yote haya ni mchezo. Na kipimo cha malaria na cha sukari kifanyike kabla ya mtu kufikiria noradrenalini.

Noradrenalini ya miligramu 4 tunaiweka kwenye mililita 250 za dekstrozi ya asilimia 5. Kila mililita inakuwa na mikrogramu 16. Kwa mgonjwa wa kilo 60, kuanzia mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika ni mikrogramu 6 kwa dakika, sawa na mililita 22.5 kwa saa. Palipo na pampu, andika namba hiyo. Pasipo na pampu, tumia seti ya matone madogo, ile ya matone 60 kwa mililita: matone kwa dakika yanalingana na mililita kwa saa, kwa hiyo ni matone 22 au 23. Seti ya kawaida ya matone 20 haifai, utajikuta unahesabu matone 7 na kila mgonjwa akikunja kiwiko hesabu imeharibika. Angalia lebo: watengenezaji wengine huandika uzito wa noradrenalini yenyewe, wengine huandika wa chumvi yake, tatreti. Miligramu 8 za tatreti ndizo miligramu 4 za dawa. Asiyesoma hapa ataitoa nusu ya dozi, au maradufu.

Isipokuwapo noradrenalini, weka adrenalini miligramu 1 kwenye mililita 100, na kwa mgonjwa huyohuyo wa kilo 60 anza na matone 36 madogo kwa dakika. Itapandisha sukari na kukimbiza moyo. Ijue hiyo mapema usije ukatafuta ugonjwa mwingine.

Kanula iwe ya kijani au kubwa kuliko hiyo, kwenye mshipa mnene wa mkono juu ya kifundo, isiwe nyuma ya kiganja wala mguuni. Mkanda wa mashine ya presha ufungwe mkono mwingine. Mshipa huo usipitishwe sindano nyingine, kwa sababu kila ukisukuma unamrushia mgonjwa noradrenalini iliyomo kwenye mrija. Sodiamu baikaboneti isichanganywe nayo, huiua dawa. Muuguzi aufunue mkono kila nusu saa na kuugusa. Ngozi ikiwa nyeupe, baridi, inauma, dawa imevuja nje ya mshipa na nyama inaanza kufa. Simamisha, usichomoe kanula kwanza, vuta kinachovutika, hamishia dripu upande mwingine upesi, kisha choma fentolamini, dawa ya kulegeza mishipa iliyobana, miligramu 5 hadi 10 iliyochanganywa na mililita 10 za maji ya chumvi kuzunguka sehemu ile, ndani ya saa 12. Isipokuwapo, kitambaa cha uvuguvugu. Barafu hapana, itazidisha kubana.

Mgonjwa anayeendelea vizuri utamjua kwa mkojo kuliko kwa namba: nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani mililita 30 kwa huyo wetu. Presha 110 na mfuko wa mkojo mkavu si ushindi. Kuachisha kufanywe kidogo kidogo; nusu ya dawa hii huondoka kwenye damu ndani ya dakika 2 hivi, na mfuko ukikauka wakati zamu zinabadilishana, presha itaanguka kabla aliyeingia hajafungua faili.

Vidonge vipo, ila ni vya watu wachache ambao presha huanguka kila wakisimama na hakuna chanzo kingine cha kuondoa. Midodrini hubadilika mwilini kuwa dawa ya alfa. Hutolewa miligramu 2.5 hadi 10 mara tatu kwa siku, na ya mwisho imezwe angalau saa 4 kabla ya kulala, kwa sababu mtu akilala nayo presha hupanda kitandani. Fludrokotisoni ya miligramu 0.1 huzuia chumvi isipotee kwenye mkojo, lakini humaliza potasiamu na kuvimbisha miguu. Vyote ni vya cheti cha daktari na vya kupimwa mara kwa mara. Anayeviulizia dukani kwa sababu aliona kizunguzungu jana asubuhi hajala, ale kwanza.

Wanaoandaa maoteo ya dawa za robo mwaka tunawaomba waweke pamoja adrenalini, finilefrini au efedrini, noradrenalini, seti za matone madogo na sirinji za mililita 1. Ampuli bila seti ya kuhesabia ni nusu ya dawa. Adrenalini ikae kwenye boksi lake, mbali na mwanga na mbali na dirisha la mchana wa Oktoba; ikigeuka ya waridi au kahawia, imeshaharibika hata kama tarehe haijafika.

Na kwa mgonjwa anayetoka Kaliua au Urambo kuja hospitali ya Kitete, au anayepelekwa hospitali ya Nkinga, akiwa na dripu hii: mfuko wa pili uwe umechanganywa na kubandikwa jina kabla gari halijawashwa, kanula ya pili iwe imewekwa mkono mwingine, na anayemsindikiza awe ni mtu anayejua kuhesabu matone gari likiwa linarukaruka. Karatasi ya rufaa iandikwe saa dawa ilipoanza, ilichanganywa kiasi gani ndani ya maji kiasi gani, na matone mangapi kwa dakika. "Anatumia noradrenalini" peke yake haimsaidii anayempokea.

Wako,
Watoa dawa za usingizi na wafamasia,
Tabora Mjini